Ofisi ya Watu Wanane: Jinsi ya Kufaidika na Kazi Katika Shirika Dogo

Ghorofa ya pili juu ya duka la dawa pale Kondele, Kisumu, au nyumba ya kupanga ya vyumba vitatu mjini Kakamega: ndiko yanakoishi mashirika mengi madogo ya magharibi mwa Kenya. Meza tano, printa moja inayokwama karatasi, pikipiki moja ya shirika, na birika la saa nne ambalo hata mkurugenzi hulifuata jikoni mwenyewe. Anayepata kazi hapa huwaonea wivu wenzake wanaopita kwenye magari meupe yenye antena ndefu ya mashirika makubwa.

Wivu huo una sababu, hasa mwisho wa mwezi. Ila shirika dogo lina vitu viwili ambavyo kubwa haliwezi kukupa hata likitaka. Unaiona kazi nzima, kuanzia ombi la fedha hadi risiti ya mwisho, na unakaa hatua kumi kutoka kwa mtu anayeamua. Tatizo ni kwamba faida hizi haziji zenyewe. Wapo wanaokaa miaka minne katika ofisi ya watu wanane wakatoka na barua ya kuajiriwa na uchovu, basi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzichukua faida hizo kwa makusudi, na mahali ambapo watu hukwama.

Shirika dogo hapa ni kikundi cha kijamii, shirika lisilo la kiserikali, kampuni ya huduma au ushirika wenye wafanyakazi 5 hadi 20. Sheria ya Kenya ya 2012 kuhusu biashara ndogo huhesabu chini ya wafanyakazi 10 kuwa ndogondogo, na 10 hadi 50 kuwa ndogo. Lakini ukivuka 20 hivi, mengi ya haya huanza kupungua nguvu.

Udogo unafanya nini hasa

Piga hesabu ya jozi. Katika ofisi ya watu 8 kuna jozi 28 za watu wanaoweza kuzungumza wawili wawili. Katika ofisi ya watu 40 zinafika 780. Ndiyo maana ofisi kubwa haina budi kuwa na fomu, idara na vikao vya kupanga vikao. Watu wakiwa wanane, habari inamaliza mzunguko kabla chai haijapoa.

La pili ni uzito wa mkono wako. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, alipima nguvu za watu waliovuta kamba na kuchapisha matokeo mwaka 1913. Kadiri wavutaji walivyoongezeka, kila mmoja alivuta kidogo zaidi. Wakiwa wanane, jumla yao ilikuwa kama nusu tu ya nguvu zao wakipimwa mmoja mmoja. Sehemu ya hasara ilitokana na kutovuta kwa pamoja, na sehemu nyingine ni kwamba mtu akijificha katikati ya wengi hulegeza mkono. Katika ofisi ndogo huna pa kujificha. Ukifanya vizuri inaonekana wiki hiyohiyo, na ukivuruga pia inaonekana wiki hiyohiyo.

Kabla ya kukubali kazi

Uliza maswali manne, kwa upole, ila usiache hata moja.

Mshahara wangu unatoka mfuko gani, na mfuko huo unaisha lini? Mashirika mengi madogo hulipa watu kutoka fedha za mradi. Ukijibiwa "mradi unaisha Juni lakini tuna matumaini," jua una kazi hadi Juni. Kuikubali si kosa. Kosa ni kuchukua mkopo wa SACCO wa miezi 36 kwa kazi ya miezi 9.

Nani wanatia sahihi malipo? Jibu zuri ni watu wawili au zaidi wasio wa nyumba moja. Mume akiwa mkurugenzi, mke mweka hazina na shemeji mwenyekiti wa bodi, hutakuwa na mtu wa kumwendea siku mshahara ukichelewa.

Nani alikaa kiti hiki kabla yangu, na naweza kumpigia? Mkurugenzi anayetoa namba bila kusita amekueleza mengi. Anayebadilisha mazungumzo naye pia amekueleza mengi.

Swali la nne linahusu ule mstari wa mwisho wa orodha ya majukumu, "na kazi nyingine atakazopewa." Kwenye shirika kubwa mstari huo ni pambo. Kwenye dogo, huo ndio kazi yenyewe. Omba mifano mitatu ya kazi hizo kutoka mwezi uliopita. Ukisikia "kuandika ripoti ya mfadhili, kusimamia fundi wa kisima, kupanga semina," hiyo ni shule. Ukisikia "kumchukua mtoto wa mkurugenzi shuleni," hiyo ni habari nyingine.

Udogo wa ofisi haukupunguzii haki. Kwa Sheria ya Ajira ya 2007, ajira ya miezi 3 au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi. Muda wa majaribio hauzidi miezi 6. Unaweza kuongezwa kwa ridhaa yako, lakini wote kwa jumla usipite miezi 12. Likizo ya mwaka ni siku za kazi zisizopungua 21. Baada ya miezi 2 kazini una haki ya siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na nyingine 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka. Utaambiwa "sisi hapa ni kama familia." Ni maneno matamu ya kunywea chai, na mkataba bado unahitajika.

Kisha piga hesabu ya mshahara mwenyewe. Ofisi ndogo mara nyingi haina mtu wa rasilimali watu, na makato hufanywa na mhasibu anayekuja siku mbili kwa wiki. Chukua mshahara wa shilingi 35,000 kwa viwango vya 2025. NSSF, mfuko wa pensheni, ni asilimia 6, yaani 2,100. SHIF, bima ya afya, ni asilimia 2.75, yaani 962.50. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 525. Hayo matatu huondolewa kabla ya kodi, kwa hiyo zinabaki 31,412.50 za kutozwa. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, yaani 2,400, na zile 7,412.50 zilizobaki hutozwa asilimia 25, yaani 1,853 na senti kidogo. Toa nafuu ya kila mwezi ya 2,400, PAYE yako, yaani kodi ya mshahara, inakuwa 1,853. Mkononi unapata karibu 29,560. Mwajiri naye analipa 2,100 za NSSF upande wake, 525 za nyumba na shilingi 50 za NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani), hivyo unamgharimu 37,675. Ikumbuke namba hiyo siku ya kuomba nyongeza, kwa sababu ndiyo anayoiona yeye.

Ukiambiwa "hapa tunalipa mkononi bila makato, utapata zote 35,000," usishangilie. Maana yake NSSF yako haijengeki na SHA, mamlaka inayosimamia SHIF, haitakutambua kama mtu anayelipiwa na mwajiri. Mwezi wa pili kazini, angalia michango yako kwenye mtandao wa NSSF na hali ya uanachama wako wa SHA kwa *147#. Makato yanayoonekana kwenye hati ya mshahara bila kufika yanakopaswa ni ugonjwa wa kawaida wa ofisi zenye fedha za kubahatisha. Unatibika mapema, si baada ya miaka miwili.

Wiki sita za kwanza: fuata jambo moja hadi mwisho

Faida kubwa ya shirika dogo ni kuona mnyororo wote. Ukikaa kwenye meza yako ukafanya kipande chako tu, umejiajiri katika shirika kubwa lenye mshahara mdogo. Chagua shughuli moja na uombe kuifuata kuanzia bajeti hadi hesabu ya mwisho, hata kama sehemu nyingine si zako.

Semina ya siku moja inafaa sana. Tuseme shirika linawafundisha wakulima 30 wa mboga za kienyeji, managu na saga, huko Luanda, kaunti ya Vihiga. Kaa na anayeandika bajeti uone inavyojengwa. Ukumbi wa kanisa 3,000. Chai na chakula cha mchana 350 kwa sahani, na sahani si 30 bali 34, kwa sababu wakufunzi wawili na wafanyakazi wawili nao wana matumbo: 11,900. Nauli ya kurudishiwa 300 kwa kila mkulima: 9,000. Karatasi kubwa za ukutani, kalamu na madaftari 1,800. Jumla 25,700. Wageni kwenye kazi huishia hapo, wakasahau ada ya M-Pesa: kutuma 300 kunakatwa shilingi 7, mara 30 ni 210. Sasa ni 25,910. Omba masurufu (fedha unayopewa kwanza na kuitolea hesabu baadaye) ya 28,000 ubaki na nafasi ya kama asilimia 8.

Siku yenyewe ndiyo darasa. Wanakuja 33, kwa sababu mama mmoja kaja na dada yake na wazee wawili wamesikia kuna semina. Huwezi kumfukuza mzee mlangoni pa kanisa. Chakula kinakuwa sahani 37, yaani 12,950. Nauli ni 9,900. Ukumbi na vifaa ni vilevile. Umetumia 27,650 na mfukoni unatarajia 350, lakini simu inaonyesha 119. Hizo 231 zilizopotea ni ada ya kutuma mara 33. Mtu asiyejua hilo hujazia kutoka mfukoni mwake akidhani amepoteza, au hubuni risiti ya boda kuzifunika. Hilo la pili ndilo huwafukuzisha watu kazi kwa ajili ya shilingi 231. Pakua taarifa ya M-Pesa ya siku hiyo, ichapishe, ibandike nyuma ya hesabu. Kazi imeisha.

Orodha ya mahudhurio nayo ina mitego yake. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya simu iliyopokea nauli, sahihi, na asubuhi na mchana kando kando. Kinachoharibika mara nyingi ni simu. Mama Akinyi anatoa namba ya mumewe, jina linalotokea M-Pesa ni la mume, na miezi mitano baadaye mkaguzi wa hesabu anauliza mwanamume huyu ni nani ambaye hayumo kwenye orodha. Weka safu ya ziada: "jina la mwenye simu, kama si yako." Muulize kwa heshima, "Mama, namba hii imesajiliwa kwa jina la nani?" Inachukua nusu dakika na kukuokoa wiki nzima ya barua.

Kwa mama wa chakula, mwulize mhasibu mapema kama anataka ankara ya eTIMS, ule mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi, au risiti ya kawaida yenye muhuri. Kumrudia mpishi Luanda siku tatu baadaye kutafuta karatasi ni safari ambayo bajeti haikuiandika. Kwa boda asiye na risiti, jaza vocha mwenyewe: kutoka wapi hadi wapi, kiasi, jina la mwendeshaji, namba yake, sahihi yake. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hawakuwa wamewahi kukutana na mkaguzi wa mfadhili.

Rudisha hesabu ndani ya siku 5, hata kama kanuni ya ofisi inasema 14. Katika ofisi ndogo, mtu anayerudisha masurufu haraka na kwa usafi ndiye hupewa bajeti kubwa zaidi mwezi unaofuata.

Baada ya semina, omba kusoma ripoti inayokwenda kwa mfadhili. Tazama namna wale 33 walivyogeuka kuwa sentensi mbili na jedwali moja. Kisha omba uandike rasimu ya inayofuata. Ndani ya wiki sita umegusa bajeti, maandalizi, malipo, ushahidi na ripoti. Katika shirika kubwa, hizo ni idara tano, na wengi hustaafu bila kutoka kwenye idara yao.

Meza ya mhasibu

Kama utajifunza jambo moja tu nje ya taaluma yako, liwe fedha. Hakuna haja ya kuwa mhasibu. Inatosha kuweza kusoma bajeti ya mradi na kutofautisha fedha za mradi na fedha za uendeshaji, zile zinazolipa kodi ya nyumba, stima na mlinzi. Shirika hufa fedha za uendeshaji zikikauka, hata kama akaunti ya mradi ina mamilioni. Fedha ya mfadhili wa visima haiwezi kulipa stima ya ofisi bila ruhusa, na shirika linaloanza kukopa huko "hadi mwezi ujao" limeanza kuzama.

Njia rahisi ya kujifunza ni kujitolea kusaidia kulinganisha petikashi, zile fedha taslimu za matumizi madogo ya ofisi, mwisho wa mwezi. Mnahesabu noti na sarafu mezani, mnajumlisha vocha, na viwili hivyo pamoja lazima vilingane na kiasi mlichoanza nacho. Visipolingana, anza na vocha zenye tarakimu zilizopinduliwa: tofauti inayogawanyika kwa 9, kama 270 au 450, mara nyingi ni mtu aliyeandika 850 badala ya 580, au 720 badala ya 270. Ni mbinu ya zamani ya wahasibu na bado inafanya kazi hata kama hesabu ziko kwenye Excel.

Kumtumia mkurugenzi aliye hatua kumi

Ukaribu na anayeamua huharibiwa kwa njia mbili. Wengine huogopa na kumsubiri awaite. Wengine humwendea kila saa hadi anafunga mlango. Njia ya katikati ni kuleta jambo lililokamilika nusu: tatizo, bei, pendekezo, na unachohitaji kutoka kwake. Ujumbe kama huu unatosha:

"Habari ya asubuhi, Madam. Naomba dakika kumi leo baada ya chai. Wino wa printa unatutoa kama 6,000 kwa mwezi. Nimeulizia printa ya tangi mjini, 24,000, na wino wake kama 1,500 kwa mwezi. Inajilipa kabla ya miezi 6. Nikipata ruhusa, bei tatu ninazo tayari."

Bei tatu ni muhimu, kwa kuwa mashirika mengi hutaka ulinganishe wauzaji kabla ya kununua kitu cha thamani, na ukija nazo umemwondolea kazi. Katika ofisi kubwa ombi hili lingezunguka wiki sita. Hapa linaweza kuamuliwa kabla ya saa saba.

Chagua wakati. Wiki ya ripoti ya mfadhili usilete wazo jipya, hata likiwa la dhahabu. Usilitoe mbele ya wageni au wakati wa chakula, maana mkurugenzi akikataa mbele za watu hatabadilisha msimamo. Na akikubali mdomoni, mlangoni, funguo mkononi, tuma ujumbe mfupi jioni ileile: "Asante Madam, nitaendelea na printa kama tulivyokubaliana, 24,000." Si kwa sababu humwamini. Mtu mwenye mambo thelathini kichwani husahau, na makubaliano ya mlangoni ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi katika ofisi ndogo.

Kuna upande wa pili. Ukionekana unaweza, utapewa kila kitu, na njia mbili zilimshinda fisi. Weka orodha ya kazi ulizoshika mahali panapoonekana, hata kwenye ubao ukutani. Ukiletewa ya nane, usiseme umechoka. Uliza: "Nikiichukua hii, ipi kati ya hizi isubiri?" Swali hilo linarudisha uamuzi kwa mwenye nao.

Mwisho wa mwaka fedha ya nyongeza ikikosekana, usiondoke mikono mitupu. Omba visivyogharimu shilingi: cheo kinachoeleza kazi unayoifanya kweli, kiti kwenye kikao na mfadhili, siku nne za mafunzo, jina lako kwenye ripoti uliyoiandika. Mkurugenzi wa shirika dogo anaweza kubadilisha cheo chako kwa barua moja. Mtu aliyeingia kama "msaidizi wa ofisi" na anayeendesha semina sita kwa mwaka anastahili kuitwa afisa miradi, na cheo hicho ndicho kitakachosomwa Nakuru au Nairobi atakapoomba kazi nyingine.

Andika, la sivyo haikutokea

Kwenye shirika kubwa, jina la mwajiri linakusemea. Kwenye dogo halisemi kitu, kwa sababu msomaji hajawahi kulisikia. Ushahidi ni juu yako.

Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi, tenga dakika 20. Safu tatu: nilichofanya, kiasi gani, ushahidi uko wapi. "Nilisaidia katika mafunzo ya wakulima" haina maana kwa yeyote. "Nilipanga na kuendesha semina 6 za wakulima 187, kwa bajeti ya shilingi 160,000, hesabu zikarudishwa kila mara ndani ya siku 5" inaeleweka na mtu wa Mombasa asiyejua Luanda iko wapi. Ukingoja hadi siku ya kuomba kazi, utakumbuka semina mbili na hutakumbuka namba hata moja.

Kinachoweza kukaa kwenye faili yako ni takwimu zako, ripoti zilizochapishwa na barua za pongezi. Kisichoweza ni orodha za wanufaika, namba zao za simu, picha za watoto, au nakala za vitambulisho. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahusu mashirika madogo pia, na faili ya wakulima 187 kwenye flashi yako ya kibinafsi ni kosa, hata kama uliikusanya wewe.

Yanayoharibika, na la kufanya

Mshahara kuchelewa ndiyo malalamiko ya kwanza. Fedha za mfadhili huja kwa awamu, na awamu ya pili husubiri ripoti ya kwanza. Ripoti ikichelewa wiki tatu, mishahara nayo inachelewa. Kwa hiyo kusaidia ripoti iende kwa wakati si wema, ni kulinda sahani yako. Jiwekee akiba ya matumizi ya mwezi mmoja kabla ya kununua kitu chochote kwa mkopo. Mshahara ukipita tarehe, uliza kwa maandishi siku hiyohiyo utalipwa lini. Ukipita mwezi wa pili bila tarehe ya kueleweka, nenda kwa afisa wa kazi wa kaunti ukiwa na mkataba na hati za mshahara mkononi. Huduma yake ni bure, na mara nyingi barua yake moja hutosha.

Kuugua ni tatizo la pili. Ukiwa peke yako unayejua jinsi ya kulipa kupitia benki ya mtandao au kufungua kabati la mbegu, malaria yako inasimamisha shirika, na utapigiwa simu ukiwa kitandani. Andika karatasi mbili, si zaidi: kazi za kila wiki, tarehe zisizosogea (makato hulipwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata), watu wa kupigiwa, na mahali vitu vilipo. Nywila zikae kwenye bahasha iliyofungwa kwa mkurugenzi, si kwenye karatasi hiyo. Kisha mfundishe mwenzako mmoja. Bila hivyo zile siku 21 za likizo utazipata kwenye karatasi tu.

Kutokuwa na mwalimu wa taaluma yako ni hasara ya kweli, na ofisi ndogo haina dawa yake ndani. Mwanatakwimu aliye peke yake kati ya wahamasishaji wa jamii anaweza kurudia kosa lilelile miaka mitatu bila mtu wa kuliona. Tafuta wenzako nje: walimu wako wa zamani pale Chuo Kikuu cha Maseno au cha Masinde Muliro, mkutano wa wadau wa kaunti, mtu wa taaluma hiyohiyo katika shirika jirani. Mpe kazi yako aikosoe mara moja kila robo mwaka.

Ugomvi wa watu wawili katika ofisi ya wanane ni robo ya ofisi. Hakuna idara ya kuhamia. Umalize ndani ya siku chache, uso kwa uso, na usiupeleke kwenye kikundi cha WhatsApp cha ofisi kamwe.

Kubaki au kuondoka

Kubaki kuna maana kama shirika linakua na wewe unakua nalo. One Acre Fund ilianzia Bungoma mwaka 2006 na familia za wakulima zisizofika 50, na leo inahudumia wakulima katika nchi kadhaa za Afrika. Mengi hayatafika huko, wala si lazima. Kipimo cha nyumbani ni chepesi: mwaka huu umefanya jambo gani ambalo mwaka jana hukuweza? Ukikosa jibu mara mbili mfululizo, shule imekwisha. Ukiona ripoti za mfadhili zinaandikwa kwa kubuni, usisubiri hata mara ya pili, kwa sababu katika ofisi ndogo sahihi yako itakuwa mahali fulani kwenye hizo karatasi.

Anayelipwa kwa mwezi hutoa ilani ya siku 28, isipokuwa mkataba unasema muda mrefu zaidi. Ukiwa bado kwenye majaribio, siku 7 zinatosha. Katika ofisi ya watu wanane, wiki nne ni kidogo, kwa hiyo ukiweza mpe mkurugenzi miezi miwili ili umfundishe atakayekuja. Rudisha masurufu yote, hata yale ya shilingi 119. Omba cheti cha utumishi, ambacho mwajiri anawajibika kukupa kisheria, na fomu ya P9 ya mwaka huo, inayoonyesha mshahara wako na kodi iliyokatwa, maana kuifuatilia Juni wakati wa kuwasilisha kodi ukiwa mji mwingine ni taabu. Barua ya mapendekezo andika rasimu mwenyewe ukitumia zile safu tatu za kila Ijumaa, umpelekee airekebishe. Ana shughuli nyingi, na rasimu yenye namba hutiwa sahihi siku hiyohiyo. Kisha nenda benki na mweka hazina, namba yako ya simu iondolewe kwenye arifa za akaunti ya shirika kabla hujakabidhi funguo.